Mawazo Yasiyobisha Hodi: Kuisoma Tena Turtles All the Way Down

Riwaya ya upelelezi ina mkataba wake na msomaji. Kitu kimepotea, mtu anakitafuta, dalili zinakusanywa moja moja, na mwisho tunaambiwa nani alifanya nini na kwa nini. Kila kilichotajwa njiani kina maana: jivu la sigara, barua iliyochanwa, mlango ulioachwa wazi. Ndiyo maana tunazipenda riwaya hizi. Zinatuahidi kwamba ukifikiri vya kutosha, utafika.

Sasa mchukue mtu ambaye kichwa chake ni riwaya ya upelelezi isiyo na ukurasa wa mwisho. Kesi ni ile ile kila siku. Je, nimeambukizwa? Je, nimemdhuru mtu bila kujua? Je, nimekufuru? Anakusanya ushahidi, anajihoji, anatoa hukumu, anafunga jalada. Dakika tano baadaye jalada limefunguliwa tena, na mwenye kulifungua ni yeye mwenyewe. Huyo ndiye mtu anayeishi na OCD, na huyo ndiye ambaye mwandishi Mmarekani John Green amempa kazi ya upelelezi katika Turtles All the Way Down, riwaya iliyotoka Oktoba 2017. Nimeirudia mwaka huu, na nikiifunga nilibaki na jambo moja la kusema: riwaya hii ni nzuri sana kila inapokataa kutatua, na inalegea kila inapokumbuka kwamba ilitakiwa kutatua. (Nitataja mwisho wake, kwa hiyo anayetaka kuisoma kwanza ajipange.)

Kwa ambaye hajaisoma: Aza Holmes ana miaka 16 na anaishi Indianapolis na mama yake, ambaye ni mwalimu. Baba yake ameshafariki. Amemwachia Toyota Corolla chakavu, ambayo baba mwenyewe aliipa jina la Harold, na simu yenye picha. Bilionea mmoja wa mjini hapo, Russell Pickett, ametoroka mkono wa sheria, na zawadi ya dola 100,000 imetangazwa kwa atakayeleta habari zake. Aza aliwahi kufahamiana na Davis, mtoto wa bilionea huyo. Daisy Ramirez, rafiki wa karibu wa Aza na msichana asiye na pesa hata kidogo, anaona fursa hapo hapo. Jina la ukoo la Aza linatukumbusha mpelelezi maarufu kuliko wote, na Daisy anamwita Holmesy, kana kwamba anamsukuma kila siku arudi kwenye kazi yake.

Shida ni kwamba mpelelezi huyu hana nafasi kichwani. Kichwa chake kimeshapangishwa na bakteria.

Bakteria mwenyewe ni wa kweli: Clostridium difficile, anayeishi tumboni na anayeweza kuua. Hapo Green amefanya uamuzi wa busara. Hofu ya Aza haikuanzia hewani. Imejengwa juu ya kitu ambacho daktari yeyote anakitambua. Kisichokuwa cha kawaida ni kiasi. Tangu utotoni Aza ana tabia ya kukandamiza ukucha wa kidole gumba kwenye nyama ya kidole cha kati. Kidonda kimefunguka pale na hakipewi nafasi ya kupona. Anabandua plasta, anakamua damu ili uchafu utoke, anapaka kitakasa mikono, anabandika plasta mpya. Anapumua. Halafu swali linarudi: una uhakika umeusafisha vizuri?

Kidonda kile kidogo kinaeleza ugonjwa huu kuliko kurasa kumi za kitabu cha saikolojia. OCD ina miguu miwili. Mmoja ni wazo linaloingia bila kubisha hodi, wazo ambalo mwenyewe halitaki na mara nyingi linamchukiza. Wa pili ni kitendo anachokifanya ili hofu ishuke: kunawa, kukagua, kuhesabu, kuuliza, kuomba, au kubishana kimoyomoyo pasipo mtu mwingine kuona. Kitendo kinasaidia kweli, kwa dakika chache, na hapo ndipo mtego ulipo. Akili inajifunza kwamba imeokolewa na kile kitendo, kwa hiyo kesho inakidai tena, na keshokutwa inadai zaidi. Aza anaueleza mzunguko huu kwa picha ya duara linalojikunja kwenda ndani, kama ganda la konokono. Ukilifuata kwenda nje unapata nafasi. Ukilifuata kwenda ndani linazidi kubana, na halina mahali linapofikia.

Green anajua anachokiandika. Amezungumza hadharani kwamba anaishi na OCD tangu utotoni, na riwaya yake iliyotangulia hii, The Fault in Our Stars, ilikuwa ya mwaka 2012. Lakini kuishi na jambo hakumfanyi mtu aweze kuliandika. Kinachonivutia ni jinsi alivyolipata umbo. Aza anatusimulia kwa nafsi ya kwanza, kwa sentensi nyepesi zenye mzaha. Ghafla herufi za mlazo zinakatiza ukurasa. Ni lile wazo linaongea, na Aza analijibu. Linasema, anajibu, linasema tena, kama watu wawili wanaogombania usukani wa gari lililo kwenye mwendo. Pale hali inapokuwa mbaya kabisa, hata "mimi" inateleza na kuwa "wewe". Msomaji ambaye hajawahi kusikia jina la ugonjwa huu ataelewa nini kimetokea: mwenye nyumba amesukumiwa nje, na mgeni ndiye anayejibu mlangoni.

Hapa nataka kusimama kidogo kwenye lugha yetu, maana sisi tunalo neno. Tunasema wasiwasi. Siku hizi tumelichakaza hadi likawa la kila kitu: nina wasiwasi na mtihani, nina wasiwasi na mvua, "usiwe na wasiwasi, kaka, mzigo utafika". Lakini neno hilo lilitoka kwenye Kiarabu likiwa na maana nzito zaidi: mnong'ono unaoingia moyoni. Sura ya mwisho ya Kurani, ya 114, ni dua ya kujikinga na mnong'ono huo. Na ukikaa na wazee wa pwani, utawasikia wakisema fulani ana wasiwasi kwa maana mahususi kabisa: mtu anayetia udhu, akamaliza, akashuku, akarudia, akashuku tena, hadi jamaa wanamaliza swala yeye bado yuko bombani. Wanazuoni wa fiqhi waliliona tatizo hilo karne nyingi zilizopita, na ushauri wao unashangaza kwa ukaribu wake na tiba ya leo: usirudie. Ukishuku, endelea na swala yako kana kwamba hujashuku. Hata mwanazuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliyajadili mawazo haya ya kung'ang'ania katika kitabu chake cha afya ya mwili na nafsi, na aliyapa sehemu yake yenyewe badala ya kuyatupa kwenye kapu moja na huzuni na woga.

Kwa hiyo, anayesema kwamba haya ni maradhi ya Wazungu wenye nafasi ya kuwaza hajaisikiliza lugha yake mwenyewe.

Ila tuna tatizo jingine. Ushauri tunaouzoea ni "acha kuwaza". Unatolewa kwa upendo, na haufanyi kazi. Mwaka 1863 Dostoyevsky, katika maandishi ya safari yake ya Ulaya, aliwaambia wasomaji wajaribu kutomfikiria dubu mweupe waone kama hatawajia kila dakika. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, aliufanya mtihani huo kwa wanafunzi, na dubu akaja kweli. Kulifukuza wazo ni namna nyingine ya kulishika. Na kuna utafiti wa zamani kidogo, wa mwaka 1978, wa Rachman na de Silva, ambao natamani kila mmoja wetu angeujua: watu wengi wasio na ugonjwa wowote huingiwa na mawazo ya ajabu yale yale. Umesimama kibarazani ghorofani, wazo linasema ruka. Umebeba mtoto, wazo linasema mwachie aanguke. Mtu wa kawaida anashtuka, anacheka, anaendelea na safari. Mwenye OCD analisimamisha wazo na kuliuliza: umetoka wapi, na unasema nini kuhusu mimi?

Swali hilo ndilo moyo wa riwaya hii. Kwa juu Aza anaogopa bakteria, lakini chini yake anaogopa kwamba hakuna Aza. Kama siwezi kuchagua mawazo yangu, ni nani anayewaza? Kama kidonge ndicho kitakachonirudisha kuwa mimi, basi mimi ni nani bila kidonge? Anapewa dawa na anaimeza kwa kuruka ruka, kwa sababu hiyo hiyo. Mtaalamu wake, Dk. Karen Singh, hana jibu la kumpa, na naiheshimu riwaya kwa kutompa. Ni Daisy anayemsimulia ile hadithi ya zamani iliyozaa jina la kitabu: bibi mmoja anamwambia mwanasayansi kwamba dunia imekaa juu ya kobe, kobe yule juu ya kobe mwingine, na kuendelea chini ni kobe tu. Daisy anamaanisha kwamba Aza anachimba akitafuta kobe wa mwisho, na hayupo.

Nikamkumbuka Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1974. Naye kichwa chake hakitulii, na maswali yake yanamfikisha kwenye kujiua. Lakini angalia tofauti. Kazimoto anawaza kwa sababu anataka kuelewa: maisha ni nini, msomi ana nafasi gani kijijini, kuna maana gani ya kuendelea. Mawazo yake yana uzito wa falsafa, na mhakiki anaweza kuyaandikia tasnifu. Aza hataki kuelewa bakteria. Anataka kula chakula cha mchana na wenzake bila kusikia tumbo lake likinguruma kama kiwanda cha vijidudu. Katika fasihi yetu mtu aliyevurugika akili mara nyingi amebebeshwa ujumbe wa jamii nzima, ukoloni, usaliti wa viongozi, mgongano wa mila. Ni mzigo wenye heshima, lakini unatuzoesha vibaya. Tunamsoma mgonjwa tukitafuta anamaanisha nini. Green anatulazimisha tumsome mgonjwa ambaye ugonjwa wake haumaanishi chochote. Unauma tu.

Ndiyo maana sehemu ya upelelezi inanikwaza. Bilionea, jumba la kifahari, urithi wote ulioandikwa kwa mnyama anayefanana na mjusi, kijana tajiri anayetazama nyota na kuandika mashairi mtandaoni: haya yote yanatoka kwenye riwaya nyingine, nyepesi zaidi. Davis ni mpole mno. Kazi yake ni kuelewa. Pale wanapobusiana na Aza anaanza kuyahesabu mamilioni ya vijidudu vilivyohama kutoka mdomo hadi mdomo, tukio ni la kutisha na la kuchekesha kwa pamoja, na baadaye anajifungia na simu akisoma makala za tiba zitakazomhakikishia kwamba hafi. Kuperuzi intaneti ndiyo udhu wake wa pili. Lakini Davis mwenyewe haongezi kitu. Angeweza kuwa mto wa kuegemea.

Daisy ni jambo jingine, na kwangu ndiye ushindi mkubwa wa Green. Daisy anaandika hadithi za mtandaoni zinazotokana na Star Wars, na siku moja Aza anazisoma. Humo anamkuta mhusika anayeitwa Ayala: mwoga, mwenye kujifikiria mwenyewe tu, anayeharibu kila kitu. Anajitambua. Ugomvi unaofuata, ndani ya Harold, ni kurasa ambazo ningempa kila mwenye ndugu au rafiki anayeumwa. Daisy anasema yale ambayo wastaarabu hawasemi: kwamba kuwa karibu na Aza kunachosha, kwamba Aza hajui hata majina ya wazazi wake, kwamba hajawahi kugundua kuwa rafiki yake ni maskini na yeye ana gari. Ni ukatili, na ni kweli. Gari linagonga, na Aza anaishia hospitali, mahali penye vijidudu kuliko kote duniani kwa hesabu yake. Huko anafikia kula kitakasa mikono chenyewe ili ajisafishe kwa ndani.

Tuliosoma kitabu hiki baada ya 2020, tukiwa na kumbukumbu ya ndoo za maji tiririka kila mlangoni, tunaweza kudhani tunaijua hofu hii. Hapana. Sisi tulinawa, tukaingia dukani, tukasahau. Kusahau ndiko Aza asikokuweza.

Riwaya haichukui upande kwenye ugomvi ule, na hapo ndipo inapokuwa kubwa. Ugonjwa wa Aza si kosa lake, na bado una gharama inayolipwa na wengine. Vitabu vingi vya afya ya akili vinachagua moja: ama mgonjwa ni malaika asiyeeleweka, ama ni mzigo wa kuvumiliwa. Daisy anampenda na amechoka, kwa wakati mmoja, na wanabaki marafiki.

Nimeisoma riwaya hii sambamba na vitabu viwili vya watu waliojisimulia wenyewe. Cha kwanza ni Grace Abounding to the Chief of Sinners cha mwaka 1666. Mwandishi ni John Bunyan, yule yule ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa Safari ya Msafiri. Bunyan hakuwa na jina la ugonjwa, lakini anaeleza sauti iliyomtaka amuuze Kristo, ikirudi tena na tena, hata akiwa mezani, naye akiijibu kila mara kwamba hauzi, hadi mwili ukawa unasukuma kwa viwiko. Siku alipochoka na wazo likapita bila kipingamizi, aliamini ameshauza kweli. Wazo limehesabiwa kuwa tendo. Cha pili ni The Man Who Couldn't Stop cha David Adam, mwanahabari wa sayansi wa Uingereza, kilichotoka 2014. Adam aliandamwa miaka na hofu ya kupata virusi vya UKIMWI kwa njia zisizowezekana, na aliwapigia simu washauri wa UKIMWI mara nyingi ili asikie tena jibu lile lile alilokuwa nalo. Ni kitabu chenye elimu nyingi na uaminifu mkubwa. Lakini kinafungua kwa msichana wa shule wa Ethiopia aliyekula ukuta wa nyumba yao kwa sababu hakuweza kuacha kuufikiria, na kama msomaji wa upande huu wa dunia nilitamani akae nasi kwa muda mrefu zaidi. Ndiye mlango wa kitabu, halafu tunaingia ndani tunamwacha nje.

Kati ya hao watatu, Green peke yake ndiye asiyenipa wongofu wala maelezo ya kisayansi. Nilifikiri hilo lingekuwa pungufu. Limekuwa faida. Tiba inayotumika leo, iliyoanza kupata umbo London mwaka 1966 kwa kazi ya Victor Meyer, inamtaka mgonjwa aikaribie hofu hatua kwa hatua na asifanye kile kitendo cha kujituliza. Aishike kitasa cha mlango na asinawe. Asiulize mara ya pili. Awe na shaka na aende zake nayo. Vijana wa Dar wana neno linaloendana na hilo: potezea. Si sawa na "acha kuwaza". Ukipotezea, wazo bado lipo. Wewe ndiye hulijibu. Ila mtaani tunalisema kana kwamba ni jambo la kuamua jioni moja, wakati kwa mwenye OCD ni kazi ya miezi, yenye kurudi nyuma, na inahitaji mtu aliyesomea. Na huko kwa waliosomea hatupeleki watu kirahisi. Jina la Mirembe ni la hospitali kubwa ya Dodoma, lakini kwenye utani wetu ni tusi.

Mwisho wa riwaya unaheshimu kazi hiyo. Upelelezi unafungwa, karibu kwa bahati mbaya: Aza na Daisy wananusa harufu kwenye mtaro wa chini ya ardhi, na bilionea alikuwa huko muda wote, amekufa. Kesi ya nje ina jibu. Kesi ya ndani haina. Aza anatuambia kwamba ataumwa tena na atapata nafuu tena, kwamba maisha yataendelea katikati ya hayo, na watu watampenda katikati ya hayo. Nimesoma malalamiko kwamba mwisho huo hauridhishi. Kiukweli, mwisho wa kuridhisha ungekuwa uongo, na mbaya zaidi, ungekuwa ni kile kile anachokidai ugonjwa: uhakika.

Kuna filamu ya mwaka 2024, iliyoongozwa na Hannah Marks, Isabela Merced akiwa Aza. Inatazamika, na ina heshima kwa mhusika wake. Lakini kamera inakiona kidole. Mabishano ya kwenye ukurasa inayasikia kwa mbali. Anayeanza, aanze na kitabu.

Na kama siku moja kitatafsiriwa kwa Kiswahili, ningemshauri mfasiri asihangaike kubuni istilahi ndefu. Alirudishie neno wasiwasi uzito wake wa zamani, wa mnong'ono usioalikwa, na amwache msomaji wa Tanga au Lamu amtambue mtu anayemjua. Yule wa bombani. Pengine safari hii, badala ya kumwambia "umeshatawadha, njoo", tutamngoja kidogo, tutampeleka kwa anayeweza kumsaidia, na hatutalijibu lile swali kwa niaba yake.